Papa, bazombi banakuya!

Nilifungua kibanda cha kuchaji simu hapa Kalunguta, kando ya barabara kuu ya Butembo na Beni, nikiamini kwamba hiyo ni kazi isiyo na maneno mengi. Paneli za jua juu ya bati, betri chini ya meza, soketi ukutani. Mteja analeta simu, naibandika kikaratasi chenye namba, naichomeka, naye anakwenda shambani au sokoni. Jioni anarudi, analipa franga zake 500, tunaagana. Hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Sasa wateja hawaendi popote. Wanaketi kwenye benchi niliyoiweka kwa ajili ya wazee, simu mkononi, waya umevutwa mpaka unataka kuing'oa soketi, na kila mmoja anacheza. Umeme unaoingia kwa waya unatokea kwa kioo. Saa mbili zinapita, asilimia ni zile zile 31, halafu mtu ananigeuzia jicho la kudai: "Papa, betri yako iko zaifu." Betri yangu si dhaifu. Betri yangu inapigana vita vya watu.

Vita vyenyewe ni vya gemu za minara. Adui wanatokea upande mmoja, wanafuata njia, wanataka kufika upande wa pili. Wewe hukimbii wala hurushi ngumi. Kazi yako ni kujenga: mnara hapa, mnara pale, nayo inapiga yenyewe. Adui wanakuja kwa mawimbi, kila wimbi zito kuliko lililotangulia, na wakipenya umekwisha. Wajuzi wanaupeleka ukoo huu mpaka Rampart, mchezo wa Atari wa mwaka 1990, wa kujenga na kuziba kuta za ngome. Huku kwetu mfalme ni Plants vs. Zombies, uliotolewa Mei 2009 na kampuni ya PopCap ya Seattle, Marekani, kazi ya mbunifu George Fan: mimea inalinda nyumba, mazombi wanataka kuingia wale ubongo wa mwenye nyumba. Mwaka huo wateja wangu wengi walikuwa bado wanabebwa mgongoni. Leo gemu hiyo inatoka Butembo simu kwa simu, bila mega hata moja, inapita Maboya kwenye mfuko wa motari, yule wa pikipiki, inakuja kushuka kwenye benchi yangu.

Mimi si mchezaji. Simu yangu ni ya vitufe na tochi. Lakini ukikaa nyuma ya mabega ya watu tangu asubuhi mpaka jioni, unajifunza hata usichokitaka, na siku wakigundua kwamba unajua, umepatikana. "Papa, niangalie hapa." "Papa, nitafanya je?" "Papa, bazombi banakuya!" Nawajibu, ila msidhani ni upendo. Anayeshindwa haondoki, anaanza upya hatua ile ile, na kila kuanza upya ni umeme wangu. Anayeshinda, nilijiambia, atasimama, atalipa, atakwenda zake. Ndiyo maana nimejitolea kuifundisha Kalunguta yote kushinda, ili niipate benchi yangu.

Kosa la kwanza, na ndilo mama wa makosa yote, ni kununua bunduki kabla ya kuwa na mtaji. Katika gemu ya mazombi pesa ni jua. Unaanza na jua 50. Njegere inayopiga risasi inauzwa 100. Alizeti, ambayo haipigi mtu ila inazaa jua, inauzwa 50. Yaani aliyeitengeneza amekutia mkononi bei ya alizeti, akakunyima bei ya bunduki, akakaa kusubiri kama utaelewa. Kijana wa kwetu haelewi. Anaitazama mbingu mpaka jua lidondoke, 25, tena 25, yafike 100, apande njegere moja, ajione jenerali. Zombi wa kwanza anaanguka. Wa pili anaanguka. Wimbi likija, jenerali ana njegere tatu na mfuko mtupu.

Alizeti inatoa jua la 25 kila baada ya muda usiofika nusu dakika. Ikitoa mara mbili imekwisha kujilipa, na kuanzia hapo ni faida tupu mpaka mwisho wa hatua. Kwa hiyo jaza safu ya nyuma yote alizeti, na ukiweza safu mbili, ndipo tuzungumze habari za bunduki. "Papa, na zombi wa kwanza je?" Zombi wa kwanza anakuja peke yake na hana haraka. Kiazi cha kulipuka, cha jua 25, kinamtosha, mradi ukipande mapema, maana kinahitaji muda wa kujiandaa chini ya udongo. Wao wanakipanda mdomoni mwa zombi, kinaliwa kibichi, halafu wanasema kiazi ni kibovu.

Kinachoniuma ni kwamba hawa ni watoto wa huku. Butembo iko jirani, mji wa wafanyabiashara wanaofuata mali mpaka Dubai na Guangzhou, na hakuna mtoto aliyekulia ukanda huu bila kuimbiwa kila siku asile mtaji. Mweke sokoni, anahesabu mpaka noti iliyochanika. Mpe simu, anakula mtaji asubuhi kweupe.

Halafu kuna wasiookota. Jua likitoka kwenye alizeti lazima uliguse, la sivyo linafifia na kupotea. Juzi mmoja alikuwa na andazi mkono wa kulia, anacheza kwa kidole gumba cha kushoto, kioo kimeng'aa mafuta.

"Mtoto wangu, jua hilo."

"Gani, Papa?"

"Lile. Na lile. Na lile linalozimika."

"Ah! Nilikuwa naangalia bazombi."

Mazombi! Mazombi wanakuja hata usipowaangalia, ndiyo kazi yao. Anayehitaji kuangaliwa ni mfuko wako.

Kosa la pili ni la mahali. Ua wa mbele wa gemu ile una mistari mitano na nafasi tisa kwa kila mstari, na njegere inapiga mstari wake tu. Iliyo mstari wa pili haimjui zombi wa mstari wa tatu, hata apite akiimba. Kwa hiyo kila mstari unadai mlinzi wake, na mpangilio ni ule ule: alizeti nyuma karibu na nyumba, bunduki katikati, mbele kabisa ile kokwa nene ya jua 50 inayotafunwa polepole wakati wenzake wanapiga. Wageni wanapanga kinyume. Alizeti inawekwa mbele, eti ionekane. Inaonekana kweli, na zombi ndiye wa kwanza kuiona. Kuna mmoja simu yake ina ufa unaopita chini ya kioo, na mstari wa tano hausikii kidole. Kila siku anaingiliwa mstari wa tano, na kila siku ananiuliza sababu. Nimemshauri aende kwa fundi. Amenijibu anatafuta mbinu.

Gemu nyingine hazina mistari, zina njia moja ya kupindapinda. Kuna Kingdom Rush, ya Ironhide wa Uruguay, ya mwaka 2011, na kuna Bloons TD 6, ya Ninja Kiwi wa New Zealand, ya mwaka 2018, ambamo nyani wanapasua maputo. Huku kosa kubwa ni kutawanya. Mgeni akiona uwanja mtupu anawashwa mikono. Mnara mmoja huku, mwingine kule, wote wa bei ya chini, wote dhaifu, na nusu yao haifiki hata barabarani.

Hapo huwa nawauliza swali moja: ni nani hapa amewahi kuona bariere, kizuizi cha kutoza wapita njia, katikati ya shamba la mihogo? Hakuna. Kamba inafungwa penye kona, au kabla ya daraja, au pale ambapo mkono huu ni mlima na mkono ule ni bonde, na gari halina pa kuzungukia. IPIS, taasisi ya utafiti ya Ubelgiji, mwaka 2017 ilitoa hesabu ya vizuizi 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, na naapa hakuna mwenye kizuizi aliyekosea mahali. Tena tazama vinavyokua. Mwanzo ni kamba na mtu mmoja amesimama. Baadaye mtu anapata kiti. Kiti kinapata mwavuli. Mwavuli unageuka kibanda cha bati, chenye kitabu cha risiti na mtu wa pili wa kumchunga wa kwanza. Hawakutawanya kamba kumi porini. Waliikuza ile moja, penye kona. Kama gemu za minara zingekuwa na kombe la dunia, najua tungepeleka nani.

Somo ni hilo. Tafuta mahali njia inapojikunja, ili mnara uwapige adui wakienda na uwapige tena wakirudi. Ukishapapata, usikimbilie kujenga mnara wa kumi, lipia huo mmoja upande daraja. Tena kumbuka kwamba kupiga peke yake hakutoshi, lazima kuwe na wa kuwashika. Katika Kingdom Rush kuna kambi ya askari wanaoshuka barabarani na kuwazuia adui palepale walipo, huku wapiga mishale wakiwamaliza. Wageni wanaidharau kambi kwa sababu haiui haraka. Wanaweka wapiga mishale peke yao, adui wanapita mbio, mishale inawasindikiza.

Kosa la tatu ni kiherehere. Gemu ya mazombi ina cheri mbili za kulipuka, bei yake jua 150, yaani alizeti tatu. Zinafagia eneo zima, halafu zinachukua karibu dakika nzima kabla hujaruhusiwa kupanda nyingine. Nimeona kwa macho yangu kijana akizilipua juu ya zombi mmoja mzee aliyekuwa anatembea akisoma gazeti. Mmoja! Na gazeti lake! Sekunde chache baadaye akatokea mwenye bendera na kundi zima nyuma yake, kijana anapapasa cheri, cheri hazijaiva. "Papa, bazombi banakuya mingi!" Ndiyo, mwanangu, bendera ni ya nini?

Na wakiokolewa na ile mashine ya kukata nyasi, wanashangilia na benchi yangu inatikisika. Kila mstari una mashine moja mlangoni, inafyeka mstari mzima mara moja, basi, haipo tena. Hiyo si silaha. Ni taarifa kwamba mstari huo hauna mwenyewe. Anayejua akiona mashine imekwenda anaweka kokwa na bunduki hapo hapo. Asiyejua anapiga makofi.

Mchezaji bora wa kibanda hiki si kijana hata mmoja. Ni mama muuza ndizi anayeegesha beseni lake kwenye kivuli changu. Yeye ni wa nyani na maputo, na hasemi sana. Vijana wanaweka nyani warusha vishale, tena warusha vishale, tena warusha vishale, kwa sababu ni rahisi. Yakija maputo ya madini ya risasi, kishale kinagonga kinadunda, nayo yanapita mbele ya jeshi zima bila mkwaruzo. Risasi inataka bomu. Yakija yale yaliyojificha kwa rangi za majani, nyani wa kawaida hawayaoni kabisa. Wanataka mwenzao aliyelipiwa macho makali.

"Mama, beniotea!" kijana mmoja alilalamika.

"Bakuotee je? Na jana yalikuja mahali pale pale."

Akamwonyesha kipande cha boksi alichokiweka chini ya ndizi. Kwa bic ya buluu ameandika: 24, yaliyojificha. 28, risasi. 40, ile kubwa. Kwa sababu mawimbi ya gemu ile, ukicheza kawaida, hayabadiliki: ya kujificha yanaanza raundi ya 24, ya risasi raundi ya 28, na raundi ya 40 linatokea puto kubwa la safari, ambalo halipasuki mpaka ulipige mara nyingi. Vijana wanaumia pale pale kila siku na kila siku wanashangaa. Mama anaumia mara moja, anaandika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata mazombi wanajionyesha. Kabla ya hatua kuanza, kioo kinasogea na kukuonyesha wote wakiwa wamesimama barabarani wanangoja, ndipo unaulizwa utachukua mimea gani. Vijana wanabonyeza bila kutazama, kila hatua mimea ile ile. Usiku ukiingia, jua halidondoki kutoka mbinguni, na uyoga ndio unaofanya kazi, aina moja ni ya bure kabisa. Mchana uyoga unalala. Nina mteja aliyepanda uyoga mchana, safu nzima, akawa anaukemea uamke. Na dawa ya kuuamsha, ndani ya gemu yenyewe, ni punje ya kahawa. Kahawa! Mtoto wa eneo la Beni, aliyezungukwa na mibuni tangu azaliwe, ashindwe na mtihani wa kahawa.

Sijataja watazamaji. Kila mchezaji mmoja ana watu watatu shingoni, na kila mmoja ana amri yake. Motari anaacha abiria juani: "Subiri, Mama, tunamaliza wimbi." Katika Kingdom Rush kuna kitufe cha kuliita wimbi kabla ya wakati, na anayeliita anapewa sarafu za ziada. Kwa aliyejipanga ni faida. Mtazamaji hajui kama umejipanga, ila anakibonyeza, kwa kidole chake, kwenye simu yako, halafu anakumbuka ana safari ya Butembo.

Mzee mmoja alikaa nao asubuhi moja akatikisa kichwa. Akawauliza kwa nini watoto wa huku, ambao risasi za kweli wamekwisha kuzisikia, wanatafuta vita tena kwenye kioo. Yule wa andazi akamjibu bila kuinua macho: "Hii, Muzee, unaisimamisha, unaenda kula, unarudi." Mzee hakuongeza neno. Mimi pia siku hiyo nilimwacha achaji bila kumhesabia saa.

Lakini siku hiyo tu. Maana matunda ya ualimu wangu sasa nayaona. Wamejifunza. Wanapanda alizeti kwanza, wanaokota jua, wanajenga penye kona, cheri zinasubiri bendera. Wanashinda. Na hakuna aliyeondoka! Akimaliza hatua ya kwanza inafunguka ya pili. Safari ya mazombi ina hatua 50, ikiisha kuna michezo mingine ndani ya mchezo. Ya nyani ndiyo balaa, ukimaliza raundi ya mwisho inakuuliza kama unapenda kuendelea bila mwisho. Wanapenda. Aliyekuwa anashindwa alikuwa angalau anakasirika, anazima simu, anaomba maji. Mshindi hachoki. Na habari imesambaa kwamba Kalunguta kuna Papa anayefundisha, kwa hiyo wanakuja na wa vijiji vingine, simu ziko asilimia 4, wamekaa mpaka kwenye mfuko wangu wa makaa.

Basi nami nimefanya ninachokihubiri. Nimetazama adui wanapita wapi, nikaona wote, mshindi na mshindwa, wanapita mahali pamoja: kwenye soketi. Hapo nimebandika karatasi. Simu inayolala, franga 500. Simu inayochezewa, franga 1000. Swali, franga 200. Swali linalopigwa kelele, franga 500. Mama wa ndizi haimhusu, ananipa kivuli cha akili.

Motari wa kwanza aliisoma mara mbili, akanitazama, akasoma tena.

"Papa, lakini hii sasa iko bariere."

"Ndiyo, mwanangu. Na bado ni kamba tu. Subiri uone kiti."